Jairo sio mbovu, ndege yako ina mkia mzito

Lalamiko ni lile lile, anakuja mtu na mfuko wa vipande vya ndege ya rimoti, anaweka mezani, "hii jairo mliyoniuzia feki, nirudishieni hela". Tunachomoa jairo, kile kifaa cha kuituliza ndege hewani, kwenye mabaki, tunaiwasha, tunaikalibreti, inafanya kazi vizuri kabisa. Hapo ndo ugomvi unapoanza, maana hakuna anayependa kuambiwa shida ilikuwa kwenye ndege yenyewe.

Jairo inakaa kati ya risiva (kipokezi cha rimoti) na servo (vimota vinavyosogeza vibao vya bawa na mkia), inasikia ndege imezungushwa ghafla, upepo umepiga bawa labda, inasukuma eleroni (vibao vya nyuma ya mabawa) kupinga huo mzunguko kabla wewe hujagusa stiki. Basi. Haijui bawa lako limepinda, haijui betri imekaa nyuma sana. Ndege nyingi za kawaida senta ya uzito inatakiwa iwe kama asilimia 25 mpaka 33 ya upana wa bawa ukipima toka ukingo wa mbele, sasa wewe umeipitisha huko nyuma alafu unategemea jairo ikushikie pua. Itashika kweli, mpaka siku unatua taratibu, spidi imeisha, eleveta (kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha pua) haina hewa ya kufanyia kazi, inaanguka. Halafu kuna hili watu hawapendi kulisikia, ukiwa polepole sana bawa likianza kudondoka jairo inashusha eleroni ya upande ule ili kulinyanyua, na hiyo ndo inalimalizia kabisa kustoli, yaani bawa linaacha kubeba ndege. Spidi ya kutua ni kazi yako sio ya jairo.

Ndo maana ukituletea ndege tukufungie tunaanza na vitu ambavyo hukuvilalamikia. Senta ya uzito, bawaba, uchezaji kwenye mikono ya servo, propela kama imebalansiwa, maana mtetemo ukifika kwenye jairo inasoma takataka na servo zinaanza kutetemeka zenyewe. Kisha ndege inarushwa jairo ikiwa OFU, inatrimiwa (inarekebishwa kwa rimoti mpaka iende sawa yenyewe), inashushwa, zile trimu tunazihamishia kwenye rodi zinazounganisha servo na vibao ili rimoti ibaki sifuri. Jairo inawashwa baada ya hapo, na geini (nguvu ya jairo kusahihisha) ndogo. Kuna bosi mmoja alisimama hapo anasema mbona mnanichaji ufundi mkubwa kuliko kifaa chenyewe, kifaa si nabandika tu na tepu ya sponji? Akabandika mwenyewe. Ndege ilivyonyanyuka tu ikajipindua kichwa chini.

Alichoruka ni kutesti uelekeo, na hii testi haina gharama yoyote. Shika ndege, ilaze kulia bawa la kulia lishuke, eleroni ya kulia lazima ishuke. Nyanyua pua, eleveta ishuke. Zungusha pua kulia, usukani wa mkia uende kushoto. Sasa wengi wakiona imekwenda kinyume wanakimbilia kwenye rimoti wanageuza rivasi ya servo, hapo stiki ndo inakuwa kinyume, wanarudisha, wanasema aah stiki ziko sawa twende. Rivasi ya jairo iko kwenye jairo yenyewe! Stiki kuwa sawa haimaanishi jairo iko sawa, na jairo iliyo kinyume kila upepo ukigusa inaongezea badala ya kupinga.

Geini nayo. Mtu anaona ndege imetulia akiwa nusu gesi, anapandisha geini mpaka mwisho akidhani itatulia zaidi. Spidi ikiongezeka eleroni zinakuwa na nguvu zaidi, jairo inasahihisha kupita kiasi, inarudi, inapita tena, mabawa yanatikisika mpaka servo inakatika meno. Tuliwahi kupokea moja ilipigwa daivu hivyo, eleroni moja ilibaki hewani na ndege ikashuka bila yake. Ukiona inatetemeka ukiwa kasi punguza gesi kwanza, alafu zima jairo kwa swichi, na kama hukuweka swichi ya kuizima kwenye chaneli ya 5 au yoyote uliyonayo basi sisi hatuifungi hiyo ndege, samahani.

Servo za analogi pia mnaziunguza. Jairo nyingi zina sehemu ya kuchagua frikwensi ya kutuma amri kwa servo, analogi ni 50 Hz, wewe umeona 333 ni namba kubwa ukaweka, servo ikapata joto mezani tu na mteja anasema jairo imeua servo.

Na wale wa modi ya ndege kujisawazisha yenyewe, ndege yenye gurudumu la mkia ikikaa chini pua inaangalia juu, ukiikalibreti hivyo hivyo jairo inaamini hiyo ndo usawa na itairusha pua juu hivyo muda wote. Inyanyue mkia kwanza uweke kitu chini.

Ukija kwetu lete ndege na betri ile ile unayorushia, sio nyingine inayofanana, uzito ukibadilika senta inahama na tutaanza upya, na rimoti pia usiache nyumbani.