Riwaya ya kihistoria haisomwi kwa vipande

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu lawama kwamba riwaya za kihistoria zinachosha. Mara nyingi kinachochosha ni namna ya kuzisoma. Msomaji anatakiwa kwanza azoee fedha, vyeo na mwendo wa zama nyingine, na mazoea hayo hayaji kwa kurasa tatu tatu kwenye daladala ya Mbagala. Tenga saa moja na nusu, simu iwe mbali, usome kurasa 40 au 50 za mwanzo kwa mkupuo. Nyumbani kukiwa na kelele, Maktaba Kuu ipo pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ukishazivuka kurasa hizo, hata foleni ya Ubungo haitakupotezea njia.

Kosa jingine ni kusaka kila neno geni. Liache lipite, likirudi mara ya tatu utakuwa umeshalielewa. Andika majina tu, na nani anamdai nani, kwenye kikaratasi cha kuwekea alama ya ukurasa. Katika *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, aliyoifasiri Ida Hadjivayanis, deni la baba ndilo linalomng'oa Yusuf kwao akiwa mtoto. Asiyelishika deni hilo atashangaa kwa nini Khalil, kijana wa dukani, anamkanya asimwite Aziz, tajiri anayemdai baba yake, ami yake. Dibaji, kwa kitabu chochote, isome mwisho. Nyingi zinamwaga siri zote mezani.

Waandishi nao wasijitoe. Utamu wa riwaya hizi huvunjwa na vitu vidogo, kama fedha au tarehe iliyokosewa. Rupia ya Mjerumani ilikuwa na pesa 64, na kuanzia 1904 ikahesabiwa kwa hela 100. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mhusika akipanda treni kwenda Kigoma wakati wa Vita vya Maji Maji, msomaji anayejua anashtuka, na tangu hapo hata machozi ya mhusika anayatilia shaka. Mbaya zaidi (kwangu mimi) ni jirani anayemsimulia jirani mwenzake habari wanayoijua wote wawili, ili sisi tufundishwe.

Kwa wachapishaji nina ombi moja: ramani ya safari na orodha ya wahusika viwekwe kabla ya sura ya kwanza. Vikikaa nyuma, wengi huvikuta wakishamaliza kitabu.

Msomaji,
Ilala, Dar es Salaam