Waigizaji wa nafasi ndogo nao watajwe majina

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu Doris Roberts, mwigizaji wa Marekani aliyefariki mwaka 2016 akiwa na miaka 90. Alianza kuonekana kwenye televisheni miaka ya 1950, akicheza zaidi nafasi za kusaidia. Iliyomtambulisha duniani, ya Marie, mama mkwe asiyebanduka nyumbani kwa mwanawe katika tamthilia ya vichekesho ya Everybody Loves Raymond, aliipata akiwa na miaka 70, ikamletea tuzo 4 kati ya 5 alizopata za Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani. Mwaka 2002 alikwenda mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kueleza jinsi waigizaji wanawake wanavyonyimwa kazi wakizeeka. Huo ni ujasiri mkubwa.

Hapa Uganda tunao wa aina yake. Anayecheza ssenga, yaani shangazi, wa bibi harusi, au jirani mbea anayechungulia dirishani, ndiye anayeibeba tamthilia, lakini mtazamaji anaijua sura tu. Majina yakianza kupanda mwishoni, mara tangazo la sabuni limeingia! Mwigizaji hupata kazi nyingine kwa jina lake. Likikatwa, amekatiwa riziki.

Naiomba Tume ya Mawasiliano ya Uganda izitake stesheni zote zionyeshe majina hayo hadi la mwisho, tena kwa kasi inayosomeka. Nao waandishi wa tamthilia wawape akina mama wazee nafasi ndefu, zisizoishia kumkaribisha mgeni chai.

Mtazamaji,
Kawempe, Kampala