Nililipia moshi, nikapandishwa dizeli

Ngamiani,
Tanga.
9 Desemba 2024

Meneja,
Kampuni ya Safari na Utalii,
Tanga.

YAH: KUUZIWA TIKETI YA TRENI YA MVUKE NA KUPANDISHWA TRENI YA DIZELI, DARJEELING, INDIA, TAREHE 21 NOVEMBA 2024

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 3 Septemba mwaka huu nilifika ofisini kwenu na mke wangu. Alituhudumia binti wa mapokezi, mwenye adabu zake, akatuamkia, akatukalisha, akatuletea maji. Nalisema hili mapema isije ikaonekana nagombana na yule mtoto. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kampuni, na hasa na huyo aliyenijibu kwenye simu tuliporudi.

Tulikuwa tunakwenda India kumwona mwanetu anayemalizia masomo Kolkata. Safari hiyo tungeweza kuipanga wenyewe. Kilichonileta kwenu ni ile picha mliyobandika ukutani, mkono wa kushoto ukiingia: injini ya buluu imezungukwa na mvuke, watu wawili wamekaa mbele juu ya bampa, nyuma mlima wenye theluji. Chini yake mmeandika kwamba mnawapeleka watu Darjeeling kupanda treni ya mvuke ya mwaka 1881. Nilimuuliza binti mara mbili: ni ya mvuke kweli, siyo dizeli? Akaingia ndani kuuliza, akarudi akasema, "Ndiyo babu, ni ya mvuke." Akaandika kwenye stakabadhi: treni ya mvuke, watu 2, Sh 480,000. Ndani ya bei hiyo zilikuwamo tiketi, gari la kutupeleka stesheni na mwongozaji. Nikalipa taslimu palepale.

(Tangazo lenyewe, kwa kuwa tumefika hapo, lina kosa. Mwaka 1881 ni mwaka reli ilipofika Darjeeling. Injini wanazotumia sasa zilianza kutengenezwa 1889 na ziliendelea hadi 1925. Mtakapolibadilisha, rekebisheni na hilo.)

Huenda mnajiuliza mzee wa miaka sabini na moja ananing'inia nini kwenye mvuke. Mimi nilianza kazi ya reli mwaka 1972, wakati reli ikiwa bado ya Afrika Mashariki. Nilianza na kufuta injini hapahapa Tanga, nikiwa kijana wa matambara na grisi, kisha nikapanda cheo nikawa fayamani. Anayepiga makaa ndiye fayamani, na anayedhani kazi hiyo ni ya nguvu tu hajawahi kusimama mbele ya mlango wa tanuru huku treni imejaa na mlima uko mbele. Unatazama geji ya mvuke, unasikiliza, unajua bonge linalofuata ulitupe wapi. Baadaye dizeli zikaja, nikahamishiwa huko, nikafanya nazo kazi hadi nilipostaafu. Sizichukii. Zimenisomeshea watoto.

Ila kuna reli moja ambayo sikuwahi kuipanda na sitaipanda. Wajerumani, mbali na njia kuu waliyoianza hapa Tanga mwaka 1893, walijenga kijireli cha upana wa sentimita 75 kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani. Kilikuwa na kilomita 23, kinapanda msituni kufuata magogo. Kiling'olewa kabla sijazaliwa. Nyumba ya stesheni masta wa Sigi ingalipo, ndiko wanakopokelewa wageni wa hifadhi ya Amani, na nikienda Muheza kwa ndugu zangu hufika hadi pale, nikakaa, nikatazama majani palipokuwa na reli. Mke wangu hunicheka. Ninachokiwaza pale ni injini ndogo inayopanda mlima mkubwa, jinsi ilivyokuwa inasikika. Njia yetu ya Tanga ni ya upana wa mita moja, na hiyo nayo huitwa nyembamba, ila hizi za mlimani ni nyembamba zaidi kwa sababu reli ikibanwa kona nayo inaweza kubanwa, ukazunguka genge badala ya kulipasua. Ya Darjeeling ni milimita 610, chini hata ya ile ya Sigi. Ndiyo maana nilipoona picha yenu sikuuliza bei kwanza.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Hotelini chai ilikuja ya baridi na maji ya moto yakakatika usiku. Hayo nayasamehe, na Lushoto yanatokea. Asubuhi tulifika stesheni ya Darjeeling mapema kuliko ilivyohitajika, maana sikulala. Ng'ambo ya barabara kuna banda la injini, na mlangoni zilisimama mbili za buluu, moja imeshawashwa. Nilimwita mke wangu nikamwonyesha ule moshi wa kwanza, ule mzito wa njano unaotoka kabla moto haujakaa sawa. Nikamwambia, "Yetu ile pale." Tukapiga picha.

Kumbe haikuwa yetu. Mabehewa tuliyoelekezwa yalifungwa injini ya dizeli. Nikamwendea mwongozaji, kijana wa palepale, nikamwonyesha stakabadhi yenu. Kiswahili hakijui, kwa hiyo nilimweleza kwa Kiingereza changu cha reli. Akatazama chini. Kisha akafungua simu yake akanionyesha ujumbe uliotoka kwenu: dizeli, wawili. Tiketi zenyewe zina tarehe ya kukatwa: 18 Novemba. Siku tatu kabla ya safari! Mimi nimelipa tangu tarehe 3 Septemba. Kijana akaniambia kwamba viti vya treni ya mvuke huwahiwa mapema, na kwamba bei ya dizeli iko chini kuliko ya mvuke. Hilo nililiona mwenyewe dirishani, bei zote zimebandikwa, kila msafiri anazisoma.

Tukapanda, tungefanya nini. Sitasema safari ilikuwa mbaya, nitakuwa mwongo. Reli inakwenda bega kwa bega na barabara, mahali pengine inapita mbele ya maduka karibu kiasi kwamba mke wangu angeweza kuchukua kitambaa kikining'inia bila kuinuka. Mahali panapoitwa Batasia treni inajizungusha duara ili ipate urefu wa kupanda. Katikati ya duara pana bustani na mnara wa askari wa Kigurkha, na nilisimama pale kidogo nikiwakumbuka wale askari wa Kihindi walioletwa na Waingereza kupigana na Wajerumani, wakafa hapa Tanga mwezi huohuo wa Novemba, mwaka 1914. Anga ilikuwa safi, mlima Kanchenjunga wote uko wazi, mita 8,586. Mke wangu alifurahi. Lakini mlima ungeonekana hata tungekwenda kwa teksi, na teksi hatukuhitaji kampuni ya kututafutia.

Tulipofika Ghum, ambayo ni stesheni ya juu kuliko zote India, mita 2,258, tulipewa nusu saa ya kutazama makumbusho. Mke wangu akaingia ndani. Mimi nilikuwa bado nje nikasikia kitu kinakuja kutoka upande tuliotoka.

Naomba hapa mnivumilie, maana ndiyo hoja yangu yote. Dizeli mlimani inanguruma mfululizo, ukifumba macho hujui kama ni mlima au tambarare. Ya mvuke inahema. Mapigo manne kila gurudumu linapozunguka, na kona inapobana unasikia pigo la pili linachelewa, la tatu linakuwa zito, unajua kabisa sasa inabeba, sasa imepumua. Mlima unausikia kwa masikio. Na ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka, reli zimelowa, mara ghafla mapigo yakakimbia yote pamoja, fu-fu-fu-fu, magurudumu yameteleza. Kisha yakatulia, yakashika tena. Nilijua kilichotokea kabla sijaona. Ilipotokeza kwenye kona nikamwona mtu amekaa mbele juu ya bampa, miguu inaning'inia, anamwaga mchanga kwenye reli kwa mkono. Kwa mkono, ndugu Meneja! Reli ile haina meno, ni chuma juu ya chuma, na kinachoizuia kurudi nyuma ni kiganja cha mchanga. Juu ya makaa alikaa mwingine na nyundo, anavunja mabonge na kuyasukuma chini kwa fayamani. Watu wote hao kwa injini yenye magurudumu manne tu.

Ikasimama. Nikasogea hadi mvuke wa kwenye silinda ukanilowesha mkono wa koti. Fayamani akanitazama. Nikamwonyesha kwa mikono: mlango, beleshi, mlango. Akacheka, akanifungulia mlango wa tanuru nione moto wake. Ulikuwa mzito nyuma na pembeni, mwembamba mbele, kama tulivyofundishwa sisi. Nikamwinulia dole gumba. Abiria wa treni ile walikuwa wanashuka kupiga picha, nikauliza kama kuna nafasi hata ya kusimama, nikaambiwa imejaa. Nilikaa pale dakika nne, labda tano. Honi ya dizeli yetu ikalia, mke wangu akaja kunishika mkono, "Mzee wangu, twende, itatuacha."

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu ya majibu mliyonipa. Nilipiga simu ofisini kwenu tarehe 2 Desemba. Kwanza niliambiwa kwamba siku ile treni ya mvuke haikufanya kazi kwa ajili ya hali ya hewa. Nina picha yake niliyoipiga Ghum, tarehe 21 Novemba, saa tano na dakika kumi asubuhi, na simu imeandika saa. Nilipolisema hilo, nikapewa mtu mwingine, mwanamume, hakujitambulisha, akaniambia hivi: "Mzee wetu, reli ni ileile, mlima ni uleule. Injini tu ndiyo tofauti."

Injini tu. Mtu akija mgahawani akaagiza pweza, mkamletea dagaa, mtamwambia bahari ni ileile? Na mnamtoza bei ya pweza?

Si suala la mvua wala bahati mbaya. Pesa yangu ilikaa kwenu miezi miwili na nusu bila tiketi kukatwa, nafasi za mvuke zikaisha, mkakata za bei ya chini mkanyamaza. Mngenipigia simu hata tarehe hiyo 18 mkaniambia, "Babu, zimeisha," ningebadilisha siku. Tulikuwa na siku nne mbele yetu bila kazi, mwanetu alikuwa kwenye mitihani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa. Sitegemei kufika India tena, na daktari wa mke wangu hapendi apande ndege.

Ninachoomba ni hiki. Mnirudishie Sh 480,000, mkitoa humo bei halisi ya tiketi mbili za dizeli kama zilivyoandikwa kwenye tiketi zenyewe, na gharama ya gari la kutupeleka stesheni, kwa risiti. Mwongozaji msimkate chochote, alifanya alichotumwa na alituhurumia. Pili, ile picha ukutani mwandike chini yake, kwa herufi zinazosomeka, kwamba kuna treni ya mvuke na kuna ya dizeli, bei zake ni tofauti, na ya mvuke lazima iwahiwe. Watu wengine watakaokuja kwenu huenda hawajui kuuliza mara mbili kama nilivyouliza mimi. Tatu, aliyenijibu kwenye simu ampigie mke wangu amwombe radhi, kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje na alisikia mumewe akifanywa mtoto.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi yenu, tiketi mbili zinazoonyesha tarehe ya kukatwa, na picha mbili: ya banda la injini Darjeeling na ya treni ya mvuke ikiwa Ghum. Ujumbe wa kwenye simu ya mwongozaji sina, sikutaka kumharibia kazi, lakini mnao wenyewe.

Nitasubiri majibu kwa maandishi hadi tarehe 23 Desemba. Yasipofika, barua hii pamoja na viambatanisho nitaipeleka Tume ya Ushindani. Mkitaka tuzungumze ana kwa ana, nipo nyumbani kila siku baada ya alasiri, isipokuwa Alhamisi ambapo huwa Muheza.

Wenu mteja,

(Sahihi)
Mstaafu wa reli, Ngamiani