Wachora gemu nao wapewe meza

Mhariri,

Nachora wahusika wa gemu za simu hapa Kaloleni, Arusha. Majuzi nilihudhuria kongamano la teknolojia mjini, tableti yenye kazi zangu mkononi. Asubuhi yote ikaishia kwenye hotuba za wageni rasmi. Chai ilipofika, wenye kampuni wakapelekwa chumba cha peke yao. Vijana tukabaki kupeana namba za WhatsApp wenyewe kwa wenyewe. (Si haba, nimepata mtunzi wa muziki kutoka Moshi na kazi tumeshaianza.)

GDC, mkutano wa watengenezaji gemu unaofanyika San Francisco, Marekani, ulianza 1988 sebuleni kwa mtengenezaji gemu Chris Crawford, watu kama 27 tu. Leo unavuta maelfu, na kazi nyingi huanza kuongelewa kwenye korido, si jukwaani. Nauli na viza ya huko siiwezi. Lakini AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, tunayo hapa hapa! Waandaaji watupe meza na soketi ya umeme, mwajiri ashike simu, acheze dakika mbili, aulize nani kachora. Na kiingilio kiwe cha mwanafunzi, jamani.

Mchora gemu,
Kaloleni, Arusha