Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: kombe, pointi na magoli ya mezani

Ndugu wanachama, viongozi wa timu, waamuzi wetu na wazee mliofika kutoka mjini, vijijini na visiwani,

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nawashukuru kwa kuja. Wenzetu wa Ukerewe wamelala hapa Mwanza tangu jana ili wasiukose mkutano huu, na hilo peke yake linatosha kunifanya niseme leo bila kuzungukazunguka.

Mambo ya kawaida ya chama chetu cha soka nitayapita haraka. Mweka hazina atawasomea mapato na matumizi, na vitabu viko mezani kwa anayetaka kuvikagua. Posho za waamuzi zimelipwa zote. Nyavu za magoli bado ni zilezile kuukuu. Ada ya usajili haijapanda na sipendekezi ipande, maana najua vijana wengi wanachangishana kwa pesa ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na ya bodaboda.

Sasa niingie kwenye lililotuleta wengi hapa.

Mnajua ligi ilivyoisha. Timu mbili zimemaliza zikiwa sawa kwa pointi, na bingwa akapatikana kwa tofauti ya magoli, yaani ya kufunga ukitoa ya kufungwa. Aliyekosa kombe alikuwa amemfunga bingwa uwanjani, mchana kweupe, mbele yetu sote. Ukiurudia msimamo wa ligi mstari kwa mstari, utaona kilichowatenganisha ni magoli 3 ya mezani, ambayo bingwa alipewa siku timu ya kisiwani iliposhindwa kufika. Kombe letu limeamuliwa na magoli ambayo hakuna mguu ulioyapiga.

Simlaumu bingwa. Alifika kwa wakati, akavaa jezi, akasubiri dakika 30 kama kanuni inavyotaka. Lakini siku ile ziwa lilikuwa limechafuka tangu alfajiri. Kiongozi wa timu ya kisiwani alipiga simu kabla ya saa mbili asubuhi kusema boti haitoki. Kamisaa, msimamizi wa mechi, aliandika alichokiona, kwamba timu haipo, na fomu ikaja kwangu. Niliisaini. Kanuni ilinipa nguvu ya kuisaini na haikunipa nafasi ya kuuliza upepo ulikuwaje. Nimelibeba jambo hilo mwaka mzima. Sisi tulioona meli ya MV Bukoba ikizama mwezi Mei 1996, kisha kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, tukazika ndugu zetu kwa mamia, hatuwezi kuwa na kanuni inayomsukuma kijana apande boti siku ya mawimbi kwa kuogopa kupoteza pointi 3.

Baada ya ligi barua zilianza kuingia kwa katibu, nyingi zikitaka tubadilishe namna ya kutoa pointi. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Zina mawazo mazuri ambayo dunia imeshayajaribu, kwa hiyo ni haki niwaeleze yalikofikia.

Zamani ushindi ulikuwa pointi 2 na sare pointi 1. Uingereza ndiyo iliyofungua njia msimu wa 1981/82, kwa msukumo wa Jimmy Hill, mchezaji wa zamani aliyetaka timu zishambulie, na ushindi ukawa pointi 3. FIFA ilichelewa. Kwenye Kombe la Dunia la 1990 kule Italia bado zilikuwa pointi 2, na mashindano yale yakawa na wastani wa magoli 2.21 kwa mechi, mdogo kuliko yote kabla na baada yake. Wa umri wangu mnaikumbuka Misri mwaka ule: sare na Uholanzi, sare na Ireland, wakafungwa 1-0 na Uingereza, wakarudi nyumbani. Katika kundi lile lote ni mechi moja tu iliyopata mshindi. Kombe lililofuata, Marekani 1994, pointi 3 zikaanza, na ndani ya miaka michache karibu dunia nzima ikafuata.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua timu mbili zilizocheza mechi 10. Moja imeshinda 5 na kufungwa 5, nyingine imetoka sare zote. Kwa mtindo wa zamani zina pointi 10 kila moja. Kwa wa sasa ya kwanza ina 15 na ya pili ina 10 zilezile. Ndiyo maana mwalimu mwenye akili hakubali sare dakika ya 80. Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba anayeongoza 1-0 naye sasa ana kingi cha kulinda, kwa hiyo anapaki basi, yaani anawarudisha wote nyuma kulinda goli, na wachezaji wake wanaanza kujiangusha. Hayo tunayaona kwetu pia. Lakini hiyo ni kazi ya refa na kadi yake, haitibiwi na msimamo wa ligi.

Barua tatu zinataka pointi ya nyongeza kwa timu itakayofunga magoli 3 au zaidi. Ufaransa waliwahi kutoa pointi ya namna hiyo miaka ya 1970, wakaiacha. Ligi ya Amerika Kaskazini ya enzi za Pelé ilitoa pointi 6 kwa ushindi na moja zaidi kwa kila goli hadi magoli 3. Naipinga kwetu kwa moyo wangu wote. Mnazijua mechi zetu za mwisho wa msimu. Timu iliyokata tamaa inakuja na wachezaji 9, wawili wakiwa wametoka kuvua usiku. Ukiweka pointi ya nyongeza hapo, unawaalika watu wa kuuza mechi. Goli la tatu litakuwa na bei.

Barua nyingine, iliyoandikwa vizuri sana, inataka kila sare iende kwenye penalti: mshindi wa penalti apate pointi 2 na aliyeshindwa apate 1. Norway walifanya hivyohivyo mwaka 1987. Ligi ya Marekani nayo ilikataa sare tangu ilipoanza mwaka 1996 hadi 1999, kisha ikarudi kwenye sare kama wengine. Nakiri wazo hili lilinivuta, kwa sababu watazamaji wetu wanapenda penalti kuliko kitu chochote. Likanishinda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni giza. Tunacheza mechi mbili uwanja mmoja kwa siku moja, na ya pili inaisha jua likiwa linagusa ziwa. Ya pili ni kubwa zaidi. Timu ndogo ikitoka kijijini ikaizuia timu ya mjini dakika 90, imestahili pointi sawa na mwenzake, na isiondoke na pungufu yake kwa sababu golikipa wake hakuzoea penalti.

Kwa hiyo kamati ya utendaji inawaletea pendekezo hili. Ushindi ubaki pointi 3 na sare 1. Kinachobadilika ni kinachofuata baada ya hapo. Timu zikilingana pointi, tutazame kwanza mechi zilizokutanisha timu hizo zenyewe, kama inavyofanyika kwenye AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, na tofauti ya magoli ya ligi nzima ije baadaye. Sidai kwamba njia hii inatibu kila kitu. Mwaka 1982 Kameruni ilitolewa kwenye Kombe la Dunia bila kufungwa hata mechi moja. Ililingana na Italia kwa pointi na kwa tofauti ya magoli, ikazidiwa kwa goli moja tu la kufunga, na mechi yao wenyewe iliisha 1-1. Italia ikaenda ikachukua kombe. Kuna nyakati hata uwanja hauamui. Ila pale unapoamua, tuusikilize.

Mechi ambayo timu imezuiwa na hali ya hewa ziwani, na taarifa ikatolewa kabla ya saa tatu asubuhi, irudiwe ndani ya wiki mbili. Timu iliyogoma au kuzembea ipoteze pointi 3 kama sasa, lakini magoli ya mezani yasiingie kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mechi zote za raundi ya mwisho zianze kwa wakati mmoja. Mwaka huohuo wa 1982 Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza huku zikijua matokeo ya Algeria ya jana yake, goli moja likafungwa mapema, na muda wote uliobaki zikapigiana pasi mpaka Algeria ikatoka. Tangu 1986 FIFA haikuruhusu tena. Sisi bado tunaruhusu, kwa kukosa waamuzi wa kutosha. Mwaka huu tuwatafute.

Na ratiba. Hili nimelitoa kwa wavuvi wenyewe, nalo halimo kwenye kanuni za chama chochote ninachokijua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, vijana wa mwaloni wako nyumbani, wamelala vizuri na wana miguu ya kukimbia. Naomba mechi za timu za visiwani na za mialoni zipangwe karibu na mbalamwezi. Kalenda ya mwezi haina gharama.

Wajumbe wawili wa kamati hawakubaliani nami kuhusu magoli ya mezani. Wanaona timu iliyofika na kusubiri inastahili kila kitu. Nimewaomba waseme wenyewe, nao watapewa muda sawa na huu nilioutumia.

Kombe la msimu uliopita linabaki kwa aliyelipata. Hatugeuzi kanuni kinyumenyume. Kabla ya kura, namwomba katibu asome barua ya timu ya kisiwani, ile ya ukurasa mmoja iliyofika siku nne baada ya mechi ambayo haikuchezwa. Waliandika kuomba mechi. Hawakuomba pointi.