Laiburari isiyotestika ilivyoniaibisha Uyole

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana vijana wetu wa kompyuta hapa Mbeya ukimuuliza mtu kwa nini kachagua laiburari fulani (yaani msimbo ulioandikwa na wengine unaouchomeka kwenye programu yako) anakwambia ina nyota nyingi GitHub, ile tovuti watu wanakoweka misimbo yao, basi, kamaliza.

Mimi natengenezea programu vikundi vya kukopeshana, kimoja cha wakulima wa viazi Uyole. Ratiba ya marejesho sikuiandika mwenyewe, nikachukua laiburari ya bure, tatizo lake tarehe inajisomea yenyewe kwenye saa ya kompyuta, huwezi kuipa tarehe yako uone itafanyaje. Nikitaka kutesti mwisho wa mwezi mpaka nisogeze saa ya laptopu kwa mkono, nikiipeleka mbele sana tovuti nazo hazifunguki eti vyeti vyake vya usalama vimeisha muda, nikachoka bwana, nikatesti tarehe mbili tatu za katikati nikaachia. Sasa mama mmoja akakopa tarehe 31 Januari. Programu ikaongeza mwezi mmoja, ikatafuta 31 Februari ikaikosa, ikasogea mpaka 3 Machi, na rejesho la pili likaangukia 31 Machi! Mama kaja na daftari lake, kaweka kidole kwenye mstari, "Mwanangu, Machi nalipa mara mbili, hiyo Februari mmeila?"

Nilikosa jibu.

Na wala sio kwamba haiwezekani, lugha ya programu ya Java tangu toleo la 8 la mwaka 2014 inakuruhusu kuipa saa uliyoigandisha tarehe unayotaka wewe, tesiti inaisha kabla hujapiga chafya. Siku hizi laiburari ikinikatalia hilo naiwekea alama nyekundu.

Ila sio kila mahali. Kwenye kulinda nywila siachi laiburari iliyochunguzwa na wataalamu miaka yote nikachukua ya mtu mmoja kisa inatestika kirahisi, huo utakuwa uchizi. Na kama laiburari ngumu kutesti ndiyo iliyopo peke yake, ifungie kwenye faili moja, programu nzima ipitie hapo, kesho ukiitupa unagusa faili hiyo tu. Lakini tahadhari na zile huduma bandia tunazoweka badala ya za kweli wakati wa kutesti, bandia ya malipo ya simu inajibu "imepokelewa" kila siku, ya kweli inachelewa, mara inajibu mara mbili (jaribu mwisho wa mwezi uone).

Yule mama ratiba yake tulirekebisha. Mpaka leo kila ikifika tarehe 30 ananipigia kuuliza mwezi huu ana deni mara ngapi.

Fundi programu,
Mwanjelwa, Mbeya