Clara Barton na majina ya waliopotea

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa furaha makala yenu kuhusu Clara Barton, mwanamke aliyewahudumia majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Naomba nafasi ya kurekebisha jambo moja na kuongeza jingine.

La kurekebisha ni fupi. Barton hakuanzisha Msalaba Mwekundu wa dunia. Huo ulizaliwa Geneva mwaka 1863 kwa juhudi za Henry Dunant na wenzake, naye aliusikia alipokwenda Uswisi mwaka 1869 kupumzisha afya yake. Alichoanzisha, mwaka 1881, ni chama cha nchi yake.

Mwandishi wenu amesimulia kwa urefu risasi ya Antietam, mojawapo ya mapigano ya vita hivyo, iliyotoboa mkono wa gauni lake na kumuua majeruhi aliyekuwa akimhudumia. Ni kisa cha kusisimua, sikatai. Lakini mimi niliyezeeka wodini (Barton mwenyewe hakusomea uuguzi, alikuwa mwalimu, kisha karani wa serikali) naona kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya mezani, bunduki zikiwa zimenyamaza. Mwaka 1865 alifungua ofisi ya kuwatafuta askari waliopotea, katika vyumba alivyopanga Washington. Wazazi na wajane wakamwandikia, naye akachapisha orodha za majina na kuwaomba askari waliorudi wamweleze walimwona nani mara ya mwisho, na wapi. Ofisi ilipofungwa mwaka 1868, zilikuwa zimepita humo barua zaidi ya 63,000, na yaliyowapata watu zaidi ya 22,000 yalikuwa yamejulikana.

Huko Andersonville, Georgia, kwenye kambi ya wafungwa wa vita, kijana Dorence Atwater, mfungwa aliyepewa kazi ya kuandika vifo vya wenzake, alikuwa amenakili orodha ya vifo hivyo kwa siri. Kwa nakala hiyo, Barton na msafara wa jeshi waliweka alama kwenye makaburi karibu 13,000, na yaliyobaki bila jina hayakufika 500.

Kwetu pwani, mfiwa hukaa matanga, kisha ikafika siku ya kuanua tanga na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Mama asiyejua kama mwanawe yu hai au amekufa huanua tanga lipi? Barton aliwafikishia maelfu ya akina mama habari ambayo daktari wala jenerali hakuwa na muda wa kuitafuta.

Makala pia iliyapita maafa ya asili kwa sentensi moja. Mwaka 1889 bwawa lilipopasuka juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, na kuua watu zaidi ya 2,200, Barton alifika baada ya siku chache akiwa na umri wa miaka 67, akakaa miezi mitano. Miaka mitano kabla yake, kwenye mkutano wa Geneva, alikuwa amehimiza Msalaba Mwekundu uhudumu hata pasipo vita. Watu wa Msalaba Mwekundu waliofika Hanang, hapa Tanzania, Desemba 2023, baada ya maporomoko ya tope, walikuwa katika kazi ya aina hiyo hiyo.

Mkimrudia Barton katika toleo lijalo, naomba risasi ya Antietam ipewe sentensi moja, na ile ofisi ya Washington ipewe ukurasa.

Muuguzi mstaafu,
Tanga